Flashi ya Bibi Fumba

Bibi alikuwa na picha tele, na zote zilizopigwa ndani ya nyumba amefumba macho. Siku ya harusi, amefumba. Siku ya kumpakata mjukuu wa kwanza, amefumba. Ndugu wakamwita Bibi Fumba, naye akaitikia, maana jina la utani likishaganda halibanduki.

Safari hii hakuwa na la kucheka. Dada yake mkubwa alikuwa anahamia mbali kwa mwanawe, na umri ule si wa kwenda na kurudi. Aliomba kitu kimoja tu.

"Mama alikufa hajapigwa hata picha moja," alisema. "Macho yake umeyarithi wewe. Nipe kwenye picha, niondoke nayo."

Basi asubuhi Bibi akaongozana na mjukuu wake, binti mpiga picha mwenye kamera ya zamani ya filamu, hadi kwa fundi wa kamera. Sebule ya dada ni giza, flashi haikwepeki, na ile ya binti ilikuwa imekufa. Fundi akapanga flashi tatu juu ya meza.

"Chukua hii kubwa. Inamulika hadi mawazo!"

"Mawazo ya bibi yangu yaache, mjomba. Mimi nataka macho."

Akamkalisha Bibi kwenye stuli, akaijaribu ile kubwa. Bibi akafumba. Ya pili, akafumba.

"Huyu hata radi haimkuti macho wazi!" fundi akaangua kicheko.

Aibu ikampanda Bibi. Lakini binti hakucheka. Alikuwa na subira ya mtu anayechambua mchele. Akaenda nyuma ya stuli, akaiwasha ile kubwa bila kuifyatua. Ikalia kama mbu, nziii, sauti ikipanda, ikipanda, kisha kimya. Papo hapo Bibi akafumba. Binti alimwona kwenye kioo cha kabati.

"Bibi, mwanga hauna kosa. Ni huo mlio. Ukikoma tu, wewe unajua mwanga unakuja."

Bibi akaduwaa. Miaka yote wapiga picha walimfokea, "Fumbua, mama, fumbua!" na hakuna aliyewahi kujiuliza masikio yake yanasikia nini. Mtoto huyu, ambaye juzi tu Bibi alikuwa akimfunga viatu!

Binti akaziweka flashi sikioni moja moja, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Akachagua ndogo kuliko zote, ambayo mlio wake haukuzidi pumzi ya mtu aliyelala, na kichwa chake kinageuka kutazama dari ili mwanga ugonge juu na kushuka kwa upole.

"Hiyo haina nguvu," fundi akaonya.

"Nitasogea karibu."

Jioni, sebuleni kwa dada, aliiacha flashi ijae umeme, akaweka kamera tayari, kisha akauliza kama hana haraka duniani, "Hivi, kati yenu nani alikuwa mtundu?"

"Yeye!" wakajibu wote wawili, wakinyoosheana vidole. Chwa! flashi ikamulika.

Picha ilisafishwa, ikaletwa siku moja kabla ya safari. Dada akaisogeza dirishani, akayatazama yale macho yaliyofumbuka.

"Shikamoo, mama," akaiambia.

Na Bibi, mdogo wake wa kuzaliwa, akajikuta ameitikia, "Marahaba, mwanangu."