Dirisha Lisilokopesha

Mauwa hakuwa na mkono wa birika, na Waburundi wote wa Brussels walilijua hilo. Arusi, matanga, mtoto wa shemeji aliyekosa karo Bujumbura: simu ikilia, Mauwa alitoa. "Kutoa ni moyo," alikuwa akisema, na kweli moyo alikuwa nao. Kilichokosekana ni pesa.

Nyumba yao ya Auderghem ilikuwa ya serikali, vyumba viwili na kibaraza, kodi nafuu kwa wenye kipato kidogo. Waliingojea miaka tisa kwenye orodha. Asubuhi ya kwanza Mauwa alizunguka akigusa kuta, akisema alhamdulillahi kwa kila moja, hata ya choo. Kodi ilikuwa euro mia tatu na sitini kwa mwezi. Mumewe Radjabu alipakia mizigo ghalani, kibarua cha kulipwa kila wiki, kwa hiyo aliomba kulipa kidogo kidogo. Kila Ijumaa alitoa kwanza euro tisini, ndipo akamkabidhi mkewe kilichobaki.

Mwaka ukapita. Sasa Julai ilikuwa inakwisha, na Agosti ni mwezi wa njaa. Ghala linafungwa. Mabosi wa Etterbeek ambao Mauwa aliwafanyia usafi wanakwenda zao likizo, na asiyefagia halipwi. Wiki nzima alihesabu na kuhesabu upya: unga upo, mafuta yapo, kodi haipo. Ndipo ikaja barua ya ofisi ya nyumba. Kifaransa chake kilitosha kuona "Agosti" na "360". Miaka tisa ya kungoja, na sasa watafukuzwa! Hakumsubiri Radjabu, alijitanda mtandio, akapanda basi.

Kwenye dirisha la ofisi alikuwapo Inès, binti wa Kikongo ambaye wazazi wake walitoka Lubumbashi. Aliisoma barua, akamtazama Mauwa ambaye machozi yalikwisha kumtoka.

"Maman, usilie. Hamuna deni. Barua inasema août, Agosti hii, mumeisha kuilipa."

"Nani ameilipa?"

"Papa Radjabu. Kila vendredi, Ijumaa, analeta quatre-vingt-dix, ile tisini. Lakini mwaka haina juma quarante-huit, arobaini na nane, iko na cinquante-deux, hamsini na mbili. Zile ine za juu, tisini mara ine, njo kodi ya mwezi muzima."

"Masikini mume wangu, hesabu zinamushinda!"

Inès akacheka. "Hapana, maman. Siku ya kwanza nilimuonyesha kama pesa yake inapita kodi. Akasema anajua, niache vile vile, août muke wake hana kazi."

Mauwa alirudi nyumbani ana furaha na hasira kwa pamoja. Msichana wa dirishani ajue, naye asijue! Radjabu alipoingia jioni, hakumwacha hata avue viatu.

"Papa Rayhana, siri ya nyumba yangu naipata kwa watu?"

Radjabu akaiona barua, akakaa. "Bon. Ningekuambia, ile pesa ingefika Bujumbura mbele ya août kufika."

Mauwa alikumbuka, kabla hawajahamia hapa, viatu vya baridi vya binti yao Rayhana, vilivyogeuka mchango wa arusi ya binamu yake Hassan, mtoto akavaa vya mwaka uliotangulia mpaka Machi, vikimbana vidole. Radjabu hakumfokea siku ile. Alikwenda tu kuiweka pesa mahali pasipoombwa mchango.

"Asante," alisema. "Mungu akuweke, Papa Rayhana. Mimi nilikuwa nimeisha kufunga mizigo kichwani."

Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akavuta mkoba wake, akachomoa noti mbili za ishirini alizomtengea dada yake Hawa kwa arusi nyingine, akamfumbatisha mumewe.

"Kesho peleka kule kwa Inès," akasema. "Hapa si salama. Hapa niko mimi."