Mwenye Sikio Yupo

Bibi alikuwa bado ameketi ndani ya kibanda cha kupimia masikio, mlango wazi, mtafiti alipomgeukia binti wa Bibi.

"Mama akishafariki, tungeomba mfupa wa sikio lake la ndani. Kwa mtu aliye hai hatuwezi kuufungua bila kuliharibu sikio. Tunataka tujue uzee unakula nini mle."

Sauti nyembamba ya binti haikumfikia Bibi, lakini alimwona akiitikia kwa kichwa. Ya mtafiti ilikuwa nene, ikamwingia yote, neno kwa neno.

"Kumbe mimi kuku, mnagawana vipapatio nami bado natembea uani!"

Mtafiti akashtuka. "Samahani, Bibi, nilidhani husikii."

"Ulidhani! Si umetoka kunipima sasa hivi? Mashine yako imekwambia nini?"

"Kwamba... sauti nene unazisikia."

"Basi mbona unaniombea kwa mwanangu, kama maiti?"

Binti akamsogelea, akapaza sauti. "Mama, usikasirike, ni kwa faida ya watu."

"Na mimi si mtu? Nyamaza wewe, nawe zamu yako inakuja." Bibi akamwonyesha mtafiti kiti. "Kaa hapa, unitazame usoni, uniombe mimi. Na uanze na shikamoo, maana hukunipa."

Mtafiti akaketi, akaamkia, akaomba upya, taratibu. Bibi akamwacha amalize.

"Marahaba. La kushoto nitakupa. La kulia nazikwa nalo, nisikie mtakavyonisema."