Herufi Mbili za Machibya

Apolonia alikuwa akitunza tovuti ya kampuni moja ya pamba mjini Bariadi, mojawapo ya zile zilizoingia baada ya biashara kuachiwa watu binafsi. Ukurasa wa Kiingereza ulifunguka kwa anwani tupu ya tovuti. Wa Kiswahili ulifunguka kwa anwani hiyohiyo, ikiongezewa mwishoni herufi mbili, sw.

Alhamisi moja wakulima wa Sapiwi wakapiga simu. Kila wakigusa neno Kiswahili, wanaletewa Kiingereza, na tangazo la kugawa mbegu hawalielewi. Apolonia akajaribu mwenyewe, ikawa vilevile.

Shaka yake ikaenda moja kwa moja kwa Machibya, mwenzake wa ofisini. Alikuwa amehamia miezi miwili tu iliyopita akitokea kampuni shindani, na ni wao wawili tu waliokuwa na nywila ya tovuti, ileile moja. Nani angefaidika wakulima wasipojua siku ya mbegu? Akaanza kumchunguza: simu aliyopokelea uani, kompyuta aliyoizima mara Apolonia alipoingia. Kumbukumbu za mtambo zilionyesha kuwa kuna aliyegusa mafaili Jumanne, bila kutaja nani. Hakungoja zaidi. Akamweleza meneja, Mama Monika, na kabla ya chakula cha mchana Machibya akanyang'anywa nywila.

Kiswahili hakikurudi.

Ndipo Apolonia akakaa kusoma kanuni za njia, zile zinazouambia mtambo anwani ipi ifungue ukurasa upi, mstari kwa mstari, kama alivyopaswa kufanya tangu asubuhi. Juu kabisa akakuta kanuni ya habari mpya: neno lolote la kwanza baada ya anwani ya tovuti lichukuliwe kuwa jina la habari. Mtambo ulikuwa ukitafuta habari iitwayo sw, unaikosa, unamrudisha mtu kwenye Kiingereza. Kanuni ya lugha ilikuwa chini yake, haifikiwi kamwe, kwa kuwa mtambo huishia kwenye kanuni ya kwanza inayolingana. Na ile ya habari aliiweka yeye mwenyewe, Jumanne, akikimbilia basi la kwenda msibani Zagayu.

Akaishusha chini ya ile ya lugha. Kiswahili kikafunguka.

Alimkuta Machibya ghalani akipanga magunia ya mbegu. Akamweleza yote bila kujitetea.

Machibya aliendelea kupanga magunia. “Mama Monika umemwambia?”

“Bado. Nimeanza kwako.”

“Mayu, mimi nilikuwa najua sikufanya,” alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. “Nenda kwake.”

Akaenda. Nywila ilirudishwa jioni ileile, lakini tangu siku hiyo Machibya alizima kompyuta yake kila Apolonia alipopita, na safari hii Apolonia alijua sababu.