Shaba Inapita Kwanza

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, treni ya abiria yenye behewa moja, iliyokuwa ikielekea Lubumbashi, iliingizwa kwenye njia ya pembeni katika kituo kidogo chenye nyumba moja na bomba la maji. Sylvain, karani wa reli kutoka mtaa wa Kampemba mjini humo, alikuwa ametumwa kusafiri nayo na kuwaandika abiria: nani amepanda, amepandia wapi, ana mzigo gani. Kufikia hapo alikuwa ameandika watu thelathini na mmoja, kuku sita na magunia tisa ya mihogo mikavu.

Mbele yake alikaa Albertine, muuza mboga, amempakata binti yake Keren, mwenye miaka mitano. Viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe. Muuguzi wa kijijini alikuwa ameandika kwenye karatasi kwamba apewe damu kabla ya jua kuzama, na damu ilikuwa Lubumbashi tu.

Treni ya shaba ikapita. Ikapita ya pili. Mkuu wa kituo, Stéphane, alitembea chini ya madirisha, bendera nyekundu kwapani.

"Shefu, mutoto anakufa huku," Albertine alimwambia.

"Mama, miye naona. Lakini shaba inapita kwanza. Bantu banangoya."

Hakusema kwa ukali. Neno hilo, kwamba watu wangoje, alikuwa amelisema kwa miaka kumi na miwili.

"Basi tukuwe shaba," alisema mzee Edouard, mchimbaji mstaafu, kutoka benchi la nyuma. "Miye mapafu yangu imeshajaa mawe. Inabakia kidogo tu."

Watu wakacheka. Treni ya tatu ikapita.

Ilipofika saa nne, miguu ya Edouard ilikuwa shaba. Aliigonga kwa kijiko, ikalia vizuri. "Imeanza," alisema, akawaomba jirani zake wasimwegemee. Saa sita ilikuwa imemfika kifuani, na wanawake waliokaa karibu na mlango walikuwa shaba hadi kiunoni. Sylvain alitafuta kwenye fomu yake mahali pa kuliandika jambo hilo. Hapakuwapo. Akaliandika pembeni.

Stéphane alikuja na nyundo ndogo, akagonga mabega na magoti, kisha akapiga simu Lubumbashi. Siku zote jibu lilichukua nusu siku. Safari hii lilikuja kabla hajakaa kitini: behewa la shaba lisicheleweshwe, lakini iwe shaba tupu. Abiria ambao bado ni nyama washuke, wangoje treni ya Alhamisi.

Watu wanne wakashuka bila ubishi.

"Mama, shuka na mutoto," Stéphane alisema.

Albertine alikuwa bado hajageuka shaba, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. Alimkalisha Keren katikati ya mapaja, akamfunika kwa kitenge, akamkumbatia, akainamisha kichwa juu yake. "Usikohoe," alimwambia. Kisha akageuka, kuanzia mgongoni, haraka kuliko wote. Chini ya kiwiko chake lilibaki pengo la upana wa sahani.

Stéphane aliugonga mgongo. Ndani ya mlio ule Sylvain alisikia mtoto akipumua. Stéphane naye alisikia.

"Weye andika," Stéphane alisema, akatazama bomba la maji.

Sylvain akaandika: shaba, vipande ishirini na sita. Akatia saini.

Kutoka pale taa zote zilikuwa za kijani. Saa tisa alasiri treni ilipita jukwaa la abiria la Lubumbashi bila kusimama, ikaingia kwenye uwanja wa madini. Sylvain alimvuta Keren kupitia pengo lile. Ugonjwa ulikuwa umemkondesha vya kutosha. Alimpeleka hospitali kwa pikipiki, na saa kumi na moja mfuko wa damu ulikuwa umetundikwa.

Asubuhi iliyofuata mtoto alikaa kitandani, akamuulizia mama yake. Sylvain akarudi uwanjani. Albertine alikuwa tayari juu ya lori, katikati ya wengine, na wakala wa forodha aitwaye Myriam alikuwa akihakiki mzigo.

"Madame, ule pale iko mama ya mutoto," Sylvain alisema. "Mutoto iko hospitali, anamungoya."

"Papa, karatasi inasema shaba. Nani alisaini?"

Sylvain aliitazama saini. Ilikuwa yake, imeandikwa vizuri, inasomeka.

"Nilidanganya."

"Hapana, Papa, haukudanganya. Nilipima miye mwenyewe. Iko shaba safi, kupita hata ile ya mugodi."

Akamwelekeza dirisha la malalamiko. Lilikuwa la wenye mizigo tu.

Juu ya lori, mpakiaji aitwaye Chola alikuwa akipitisha kamba. Aliweka kiganja kwenye mkono wa Albertine, akakiondoa, akakirudisha.

"Madame, hii iko na moto bado."

"Funga tu," Myriam alisema. "Ku mupaka ya Kasumbalesa lori inangoya siku nne ku foleni. Itapoa."