Mguu wa Kulia wa Fundi

Mvua ilipoanza, Bi Sindano alinyamaza. Alijikaza kisabuni. Miaka thelathini na sita ya ndoa ilimfundisha kwamba ukimwambia Fundi afanye jambo, hata kama alikuwa anakwenda kulifanya mwenyewe, ataliacha papo hapo ili usije ukajisifu kwamba ni wewe uliyemwambia. Kwa hiyo alizitazama vaipa zikifuta kioo, akaitazama ile taa ndogo ya kijani kwenye dashibodi, akasubiri mumewe aizime.

Hakuizima.

Taa hiyo ilionyesha kwamba kruzi imewashwa. Kwa asiyejua, kruzi ni swichi ya kushikilia mwendo. Ukiiweka mia, gari linakwenda mia, mlimani na tambarare, na mguu wako unaweza kuuweka popote unapotaka. Fundi aliipenda swichi hiyo kupita kiasi. Tangu wanunue gari, mwaka mmoja na nusu uliopita, wakitoka mjini tu, hata kituo cha mafuta cha mwisho hawajakipita, anabonyeza, anaegemea kiti, anaanza kupiga soga. Na mkewe alikuwa akimuunga mkono, maana mzee alilalamikia goti, naye akaona heri mguu upumzike.

Makanika aliyewauzia gari alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku ile aliyamwaga yote. Itumieni kwenye barabara kavu, iliyonyooka, isiyo na magari mengi. Msiitumie kwenye mvua, wala kwenye kona, wala mtu akiwa na usingizi. Na hata ikiwa imewashwa, mguu usikae mbali na breki. "Swichi inajua mwendo," alimaliza, "haijui barabara." Fundi alicheka, akamwambia yeye ameanza kuendesha gari wakati makanika bado ananyonya. Bi Sindano, ambaye hata kuwasha gari hajui, ndiye aliyeyashika maneno. Nyumbani kwao yeye ndiye mshika maneno, na akishayashika huyatoa kwa ncha. Ndiyo sababu wateja wa duka lao la kushona walimbandika jina hilo.

Siku nyingine angeipuuza hiyo mvua. Leo kwenye kiti cha nyuma alikuwapo Kasuku, mjukuu wao wa miaka minane, mtoto pekee wa binti yao pekee. Walikuwa wanatoka kumjulia hali dada yake Fundi, mwendo wa saa tatu, na binti yao alimtoa mtoto kwa shingo upande. Asubuhi alimfunga mkanda kwa mkono wake, akauvuta kuujaribu, akauvuta tena, kisha akamwambia mama yake dirishani, "Mnirudishie, mama. Sina mwingine." Alitabasamu alipokuwa akisema, ila macho hayakutabasamu.

Basi onyo la makanika lilikuwa ulimini mwa Bi Sindano tangu matone ya kwanza. Sasa mvua haikuwa ya matone tena. Ilikuwa saa tisa alasiri, lakini madereva wote waliokuja mbele yao walikuwa wamewasha taa. Maji yalikuwa yametuama kwenye mifereji miwili iliyochimbwa na matairi ya malori, na gari lilipopita humo, chini kulisikika mvumo, shaaa, kama mtu anayepasua kitambaa kirefu. Mshale wa mwendo ulikuwa palepale, kwenye mia.

"Fundi," alisema mwishowe, kwa sauti aliyoilainisha makusudi, "mvua hii si ya kruzi."

Fundi akamjibu kwamba gari lina matairi mapya. Akamjibu tena, bila kuulizwa, kwamba watu wanaoogopa mvua ndio wanaosababisha ajali. Kisha akanyamaza, na hapo ndipo mkewe alipoanza kuogopa kweli, maana Fundi si mtu wa kuacha ubishi katikati. Alimtazama usoni. Mzee alikuwa anatoka jasho, na kiyoyozi kilikuwa kinapuliza.

Wakaingia kwenye dimbwi.

Mvumo wa chini ukakatika ghafla. Usukani ukawa mwepesi mkononi mwa Fundi, ukizunguka bila kushika kitu, na gari likateleza pembeni taratibu, kwa adabu kabisa, kuelekea upande wa magari yanayokuja. Injini haikupunguza, ilinguruma zaidi, ikitafuta mia yake. Bi Sindano alishika dashibodi kwa mikono miwili. Halafu matairi yakaigusa lami, gari likashtuka, likarudi kwenye njia yake, na nyuma Kasuku akacheka akidhani Babu amefanya kusudi. Alipoona uso wa Bibi, kicheko kikamkauka.

"Zima," Bi Sindano alisema. "Zima hiyo swichi, uweke mguu kwenye breki."

"Ngoja tupite hapa kwanza."

"Fundi. Breki."

Mbele, taa nyekundu zilianza kuwaka moja baada ya nyingine. Magari yalikuwa yanasimama, na la mwisho kwenye foleni lilikuwa lori lililobeba mabomba ya chuma yaliyochomoza nyuma, na kitambaa chekundu kimefungwa kwenye ncha. Mbali kidogo bado, lakini kwa mwendo wa mia umbali hauna kazi. Bi Sindano hakungoja ruhusa. Alikuwa ameutazama mkono wa mumewe safari nyingi, alijua kitufe cha kughairi kiko wapi. Akajinyoosha, akakibonyeza. Taa ya kijani ikazimika na sauti ya injini ikashuka. Akapumua.

Alipumua mapema. Fundi aliachia usukani kwa mkono mmoja, akashika suruali yake juu ya goti la kulia, na kwa mkono huo akaunyanyua mguu wake, jamani, akaunyanyua kama anayehamisha mzigo, akaudondosha mbele. Akakanyaga. Injini ikapiga ukelele na gari likaruka kwenda kwenye mabomba.

Bi Sindano alitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya nyuma yake, ndogo, tulivu, sauti ya mtoto anayesoma kitabu mbele ya mwalimu. Kasuku alikuwa ameinama katikati ya viti viwili kadiri mkanda ulivyomruhusu, macho yake chini, kwenye miguu ya babu yake.

"Babu, hiyo ni pedali ya mafuta. Kushoto."

Mguu ukasogea.

"Kushoto tena. Hapo. Kanyaga."

Fundi akakanyaga kwa nguvu zote, na gari likaanza kuyumba kichwa na mkia.

"Si hivyo, Babu. Kidogo kidogo. Achia. Haya, tena."

Akaachia, akakanyaga, akaachia. Kitambaa chekundu kilikuwa kikubwa sasa, Bi Sindano aliweza kuona uzi uliofumuka kwenye pindo lake. Fundi akakata usukani nje ya barabara, matairi ya kushoto yakapanda changarawe, mabomba yakapita pembeni ya kioo, na gari likaenda likisuasua mpaka likasimama kwenye majani, kando ya lile lori. Bi Sindano alivuta breki ya mkono kwa mikono miwili, akageuza ufunguo, akauchomoa, akauficha kifuani. Kisha akageuka nyuma, akamshika mtoto uso, mabega, mikono, vidole, kimoja kimoja. Vyote vilikuwapo.

Mvua ilipiga paa. Dereva wa lori alifungua dirisha, akawatazama, akatikisa kichwa, akafunga. Fundi alikuwa bado ameushika usukani, na mguu wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya breki, kiatu kimepinda ubavu, kwa namna ambayo mtu mwenye mguu mzima asingeweza kuuacha kwa sekunde mbili.

Hapo mambo yakaanza kujipanga kichwani mwa Bi Sindano, na kila moja lilikuja na kofi lake. Siku ile mzee aliporudi kutoka kwa kinyozi ana ndala mguu mmoja, mwingine mtupu, na hakujua mpaka alipoonyeshwa mlangoni. Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Na cherehani. Fundi alimwachia yeye ile cherehani nzuri ya umeme, akahamia mezani kukata vitambaa, akasema macho yamechoka. Yeye akaona ni mapenzi, akajisifu hata kwa wateja. Macho na kukata wapi na wapi? Kukata ndiko kunakotaka macho. Kushona kunataka mguu. Mke wa fundi, fundi mwenyewe, na hilo likampita.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mwaka jana." Fundi alisema akitazama mbele. "Ni ile sukari. Ulianza kwa ganzi kwenye vidole. Sasa siusikii mpaka hapa." Akaonyesha katikati ya ugoko. Alisema daktari alimkataza kuendesha, akamkatalia kabisa, na yeye akatoka kliniki akaingia ndani ya gari akaendesha mpaka nyumbani. Goti halikuwa na lolote. Goti lilikuwa maneno tu.

"Na mimi uliniona nani, usiniambie?"

"Cherehani imekwenda," alisema Fundi. "Gari nalo likienda, nibaki nini? Nikae mlangoni niwaamkie wapita njia?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo watu. Lakini kifo cha huyu kilikuwa kimekuja kuwaumbua watatu. Bi Sindano alimhurumia, na alitamani kumzaba kibao, na juu ya yote hayo aliogopa. Sasa alielewa kwa nini kruzi ilikuwa haizimwi. Kruzi ndiyo iliyokuwa mguu wake. Angeizima, angelazimika kukanyaga.

Halafu wazo jingine likamjia. Kruzi ni ya barabara kuu. Mjini haitumiki, kuna taa, kuna vivuko, kuna watu. Na mjini Fundi alikuwa akiendesha kila siku ya Mungu. Kila asubuhi alimpitia Kasuku kwa mama yake, akamleta kunywa chai, akampeleka shule.

Aligeuka taratibu.

"Kasuku," alisema, "ulijuaje habari ya kushoto na kulia?"

Mtoto alimtazama babu yake kwanza. Fundi hakugeuka. Kasuku, ambaye nyumbani hakuna siri iliyowahi kulala kifuani mwake, akakuna shingo, akafikiri, akaona huenda sasa inaruhusiwa.

"Babu alinifundisha," alisema. "Asubuhi mimi nakaa mbele, naangalia miguu. Akikosea namwambia. Ni kazi yangu." Na alisema kwa fahari, kidevu juu.

"Umeanza lini?"

"Nikiwa darasa la pili."

Sasa alikuwa darasa la tatu, anakaribia kumaliza. Bi Sindano aliziona asubuhi zote hizo, yeye amesimama mlangoni na kikombe mkononi, akiwapungia mkono, akiwaambia haya, mwende salama, na kurudi ndani kupanga vitambaa vyake.

"Na hujawahi kukosea?"

"Hapana." Kasuku akaangalia mapaja yake. "Mara moja tu. Nilikuwa namalizia hesabu za mwalimu, sikuangalia. Lakini yule mtu wa baiskeli aliinuka mwenyewe, Bibi. Alisema hana neno."

Fundi alifumba macho.

Simu ya Bi Sindano ikaanza kuita ndani ya pochi. Aliitafuta, akaipokea. Alikuwa binti yao. Alitaka kujua wamefika wapi, maana huko aliko mvua imechafuka, na je, baba anakwenda polepole, na mtoto amekula?

Kasuku aliinama tena katikati ya viti. Alimshika bibi yake kiwiko. "Usimwambie mama," alinong'ona. "Akijua atanikataza, na Babu hana mtu mwingine wa kumwangalizia."

Bi Sindano alimtazama mtoto, akamtazama mumewe. Fundi alikuwa amefumbua macho na alikuwa anamwomba, bila kufungua mdomo, kwa namna ambayo hajawahi kumwomba kitu katika miaka thelathini na sita.

"Tumesimama njiani, mwanangu," alisema kwenye simu. "Wote wazima. Njoo utuchukue. Baba yako hawezi kuendesha, wala hataendesha tena, na ukifika nitakueleza yote, mpaka ya baiskeli."

Fundi aliuondoa mkono mmoja kwenye usukani, kisha wa pili, akaiweka mapajani. Na Kasuku, aliyepita kwenye maji na mabomba bila kutoa hata chozi, akaanza kulia, akilia kwa uchungu wa mtu mzima aliyefukuzwa kazi.

"Bibi," alisema, "leo nimekosea wapi?"