Kigaga cha Jacktone

Siku ya mgomo Jacktone Ondiek alipita katikati ya wenzake langoni, akaingia katika kiwanda cha nguo. Hakuna aliyemtukana. Walimpisha kimya, kama watu wanaopisha jeneza. Kituyi, rafiki yake wa mashine ya jirani, ndiye tu aliyesema, "Jack, rudi."

Hakurudi. Aliogopa. Miaka ile mgomaji aliitwa adui wa serikali, na wengine walichukuliwa wasionekane tena.

Mchana, katika ukumbi wa mashine uliobaki mtupu, mashine ikamchana kiganja cha kulia. Akakifunga kitambaa, akamaliza zamu.

Alipofika nyumbani Langas, mtaa wa Eldoret, alikuta mlango wake umeandikwa kwa rangi nyekundu: SCAB. Mkewe Benta, msaidizi wa zahanati, alikuwa akiusugua.

"Ni nini hiyo?"

"Kwa dispensari ni kigaga, kile kinachofunika kidonda. Ni kitu kizuri, Jack. Ni kupona." Ndipo akaona kitambaa. "Umeumia saa ngapi?"

"Mchana."

Benta akaacha kusugua. "Hii rangi nimeikuta asubuhi, imeshakauka."

Mama Leonida, jirani yao, akasema kutoka uani, "Hiyo ni maana ya hospitali. Kiwandani ni jina la mtu anayesaliti mgomo wa wenzake."

Kidonda kikafanya kigaga cheusi, kigumu. Hakikuanguka. Kilitambaa hadi kikafunika kiganja chote, na dawa za Benta hazikukilegeza.

Mgomo ukavunjwa. Wenzake wakarudi kazini, isipokuwa Kituyi: askari walikuwa wamemchukua palepale langoni. Jacktone akiwasalimu, walipitisha macho kama hayupo.

Mwishowe akaenda kwa Nabwire, mke wa Kituyi.

"Shemeji, nimekuja kuomba msamaha."

 Nabwire aliushika ule mkono, akaingiza ukucha ukingoni, na kigaga kikatoka chote kama ganda la yai. Hapakuwa na damu wala kovu. Ilikuwa ngozi laini tupu, bila hata mistari ya kiganja aliyozaliwa nayo.

"Hata alama haikubaki," Nabwire alisema. Akafunga mlango.

Tangu hapo kiganja hakikuhisi kitu: si moto, si shavu la Benta. Uzi ulikatika mkononi asijue, hata msimamizi akamwachisha kazi.

Kituyi hakurudi. Jacktone na Benta walihama Eldoret kabla ya mvua, na watu wa Langas husema siku ile aliwaaga wote kwa mkono wa kushoto.