Gundi ya Selo ya Tatu

Fundi Nasoro alikuwa mtu wa kujisifia gundi yake. Kitanda nilichounga mimi, alikuwa akisema, hata wajukuu watakilalia. Basi kisu chake chembamba kilipokataa kuingia kwenye ukingo wa selo, kwanza alitabasamu. Kisha tabasamu likamkauka mdomoni.

Selo ni fidla kubwa. Mchezaji hukaa kitini, akaiweka katikati ya magoti na kuzipitishia nyuzi upinde. Zilikuwa tano katika ukumbi wa parokia, mjini Elisabethville, mwaka wa pili tangu Katanga ijitenge. Frère Anselme, mtawa Mbelgiji, ndiye aliyezileta akaanzisha darasa la alasiri kwa watu wazima. Aliporudi kwao, darasa lilibaki mikononi mwa watu wawili. Symphorien, karani Mluba wa Kasai, alifundisha. Nasoro, seremala ambaye baba yake alitoka Maniema, aliviponya vyombo. Mmoja alishika rozari, mwingine tasbihi, na kila mmoja alimsubiri mwenzake amalize.

Sasa Symphorien alikuwa anaondoka. Waluba wa Kasai walikuwa wakitishwa majumbani mwao, na familia moja baada ya nyingine ilikimbilia kambi ya ONU, askari wa Umoja wa Mataifa. Yeye na watoto wake wangeondoka Jumamosi. Jumatatu alikuja karakana na selo ya tatu, ubao wa uso wa selo hiyo una ufa mrefu kama kiganja.

"Uniponyeshee hii mbele ya Jumamosi, fundi," alisema. "Darasa nitaachia nani, sijui. Adolphine njo alikuwa wa kuweza. Lakini muntu wa kuangusha kintu na kukatala, nitamupatia ufunguo namna gani?"

Adolphine alikuwa mshona nguo, na hakuna mwanafunzi aliyemzidi mkono. Ufa ulionekana siku aliyoitumia selo ile. Alisema hakuiangusha. Hakuna aliyemwamini, naye akaacha kuja. Siku ile Nasoro alikuwepo, akatikisa kichwa pamoja na wengine.

Na sasa, akiubandua uso wa selo ili aunge ufa kwa ndani, kisu kilikuwa kikimweleza jambo. Ukingo wote ulifunguka kwa urahisi, tik, tik, kwa sababu uliungwa kwa gundi ya Frère, ile inayochemshwa kutokana na ngozi. Upande wa kulia tu, kwa urefu wa shibiri, ndipo kisu kilipogoma. Hapo palikuwa pake. Kiangazi kilichopita ukingo uliachia kidogo, akauunga yeye. Frère alikuwa amemwachia vipande vya gundi ya ngozi na neno moja: gundi ya selo iwe dhaifu kuliko mti. Mti ukikauka na kusinyaa, gundi iachie, mti usalimike. Nasoro alicheka moyoni. Gundi ya kuachia ni gundi gani? Akapaka ile yake ya vitanda.

Ufa ulianzia pale pale gundi yake ilipoishia. Mti ulitaka kusinyaa, ukanyimwa nafasi, ukapasuka.

Wakati wa alasiri ulipoingia alitandika mkeka. Alipomaliza kuswali akainua mikono, akakosa la kuomba. Kila ombi lilikuja limemtanguliza Adolphine. Akinyamaza, Jumamosi darasa litakufa. Akisema, nani tena atamletea kitanda?

"Unaangalia ile kintu sawa mugonjwa," mkewe Asha alimwambia.

"Mugonjwa njo miye."

Akamsimulia. Asha aliendelea kupepeta unga wake. "Na mbele ya bantu wote ulisema iko Adolphine?"

"Sikusema. Nilitikisa kichwa."

"Basi kichwa kile kile kiende kikaombe masamaha."

Siku tatu alifanya kazi kwa siki na maji ya moto, akiilainisha gundi yake mwenyewe na kuilaani kwa sauti ya chini. Kisha akachemsha vipande vya Frère katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji, akaunga ufa, akaunga ukingo. Alhamisi jioni akavaa koti lake la Ijumaa, akaenda kwa Adolphine.

Alimkuta kwenye cherehani. "Ee, fundi, na koti! Unakuya kuposa? Mama Asha anajua?"

"Njo yeye amenituma."

Adolphine alicheka, lakini alipoelezwa habari ya gundi, mguu wake ulisimama juu ya kanyagio la cherehani.

"Wiki tatu, baba. Hata nikaanza kuwaza labda kweli niliigonga."

"Hukuigonga. Kesho uje. Nitasema mbele ya wote."

"Kama hutasema, natoka."

"Sawa."

Ijumaa, katika somo la mwisho la Symphorien, Nasoro alisimama mbele ya wanafunzi wanane, kofia mkononi. "Selo haikuangushwa," alisema. "Miye niliipasua na kiburi yangu. Nilifundishwa, nikajifanya najua." Akawaonyesha mahali kwa kidole.

Symphorien alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Dada Adolphine, nilikukosea. Nilikuwa mwalimu, sikuuliza." Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mkononi mwake, akaufunika kwa mikono yake miwili. Kisha akasali Baba Yetu kwa sauti, na Nasoro alisimama karibu yake mpaka amina.

Jumamosi lori lilimchukua Symphorien na watoto wake. Watu waliokuwa na vitanda vya kuungwa walikuja kwa Nasoro kama kawaida, isipokuwa wawili.

Mwezi wa tisa, joto lilipokausha mpaka midomo ya watu, Adolphine alikuwa akifundisha na Nasoro amekaa karibu na beseni la maji aliloliweka ukumbini kulainisha hewa. Selo ya tatu ikatoa sauti ndogo. Tik. Wanafunzi wakaacha kucheza, wote wakamgeukia Adolphine. Adolphine akamgeukia fundi.

Nasoro alipiga magoti, akapitisha ukucha kwenye ukingo. Ulikuwa umeachia, shibiri nzima. Akaupapasa uso wa selo polepole, juu mpaka chini. Mti ulikuwa mzima.

"Alhamdulillahi," alisema, akaenda kuwasha mkaa wa kuchemshia gundi.